Salama, Ila

Daftari la mahudhurio la jumuiya yetu nililipiga mistari mimi mwenyewe, kwa rula na kalamu ya bluu, mwaka ule niliochaguliwa kuwa katibu. Safu ya kwanza namba, ya pili jina, zikafuata Jumamosi za mwezi, na mwishoni kabisa safu nyembamba niliyoiandikia kwa herufi kubwa: SABABU. Nilijivunia sana safu hiyo. Katibu aliyenitangulia alikuwa akiweka vema kwa aliyekuja na kistari kwa ambaye hakuja, basi. Mimi nilitaka jumuiya inayojuana.

Ukilifungua daftari lile utaona tulivyo watu wa sababu chache. Mgonjwa. Msiba. Zamu kazini. Wageni. Mbele ya jina la mume wangu kuna neno moja tu, Januari mpaka Desemba: safari. Hakuna aliyewahi kuniuliza ni safari gani hiyo isiyo na kurudi, maana kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Tunakutana saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nyumba kwa nyumba, huku Kimara kwenye vilima, kabla wenye biashara hawajafungua. Meza ndogo, kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa. Viti vya plastiki vya kuazima. Watoto mkekani na usingizi wao. Tumsifu Yesu Kristo. Milele amina. Tangu maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana mwaka 1973, na tena 1976, wakaamua kwamba Kanisa lijengwe kuanzia kwenye vikundi vidogo vya majirani, sebule kama hizi ndizo zilizobeba mambo mengi: ubatizo, ndoa, michango, mazishi. Ni mahali ambapo watu wanajua mlango wako uko wapi.

Njia tunayoifuata kusoma Injili ilitoka katika Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini, nayo ina hatua saba. Tunamkaribisha Bwana, tunasoma, tunarudia maneno yaliyotugusa, tunanyamaza, tunashirikishana, tunaangalia la kutenda, tunasali. Hatua ya nne ndiyo inayotushinda. Watu ishirini na kitu kunyamaza dakika tatu kwenye sebule moja ni kazi. Lazima mmoja akohoe, lazima simu ya mtu iite. Hatua ya tano nayo ina sharti ambalo mwenyekiti hachoki kulikumbusha: sema lililokugusa wewe. Usihubiri, usimjibu mwenzako, usimsahihishe, wala usimsemee. Ni sharti zuri, nasi tunalishika vizuri mpaka amina ya mwisho. Halafu yanakuja matangazo.

Ilikuwa kwenye matangazo. Mama mmoja, mtu mzima, mwenye genge la mboga chini ya barabara, alikuwa amekosa Jumamosi tano mfululizo. Siku hiyo alikuja. Nikafungua daftari, nikamtazama kwa upendo wote, nikasema: mama, tumekukosa wiki tano, kuna tatizo gani? Akaangalia mkeka. Akasema, "Miguu, Katibu." Nikaandika: miguu. Watu wakampa pole. Mmoja akamshauri mafuta ya nyonyo, mwingine akamtajia daktari, mzee wa pembeni akaanza kusimulia goti lake mwenyewe. Tukafunga kwa sala, na katika sala hiyo miguu ya yule mama ikaombewa kwa jina.

Jumatano nikamwona anashuka kilimani na ndoo ya bamia kichwani, mwendo wa haraka, mwendo wa mtu mwenye wateja. Akaniona. Akaanza kuchechemea.

Nilipita nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, nikaenda zangu na aibu iliyonifika masikioni. Miguu ile niliitengeneza mimi. Mtu aliulizwa mbele ya watu 23 jambo ambalo hakutaka kulisema, akashika la karibu, na sasa ilimbidi alivae barabarani kila akutanapo na mmoja wetu.

Sisi tunaulizana kutwa. Hujambo, habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za tangu juzi. Wageni wanaojifunza Kiswahili hulalamika kwamba maswali ni mengi na jibu ni moja. Ni kweli, jibu ni moja: nzuri, salama, njema. Mtu anaweza kuwa ametoka mochwari akakujibu salama, na hajakudanganya. Kwa salama hiyo ya kwanza anakupima: wewe ni nani, una haraka kiasi gani. Kama una haraka, imekutosha, mmeachana vizuri. Usipoondoka, ukabaki umesimama hapohapo bila kuongeza swali, ndipo huja neno dogo kuliko yote: ila. Salama, ila mtoto hakulala. Nzuri, ila mzee anasumbuliwa. Kila nilichokuja kukijua cha maana kuhusu majirani zangu kilikuja nyuma ya neno hilo, na sikumbuki hata mara moja ambapo nililivuta mimi.

Kiswahili kina aina nyingi za kuuliza, na watu wa mtaani hawazichanganyi. Mtoto akirudi shule na jicho jekundu unamdodosa, polisi anahoji, jirani anakuchimba, tena anakuchimba huku anakusaidia kuchambua mchele. Kuna kuulizia, kwa mtu asiyekuwepo: "Padre alikuulizia", na ukiambiwa hivyo ama unafurahi siku nzima ama unaanza kuhesabu zaka zako. Lakini kwa mgonjwa tuna neno jingine kabisa. Hatuendi kujua hali yake, tunakwenda kumjulia hali. Ile silabi iliyoongezeka, ndugu yake ile inayogeuza kupika kuwa kupikia, imebadilisha kazi yote. Kujua huko sasa ni kwa ajili yake, kama uji aliopikiwa. Mwenye kujua tu anaondoka nacho alichokijua, akakisimulie kwenye daladala.

Methali hazisaidii sana hapa. Kuuliza si ujinga, tunasema, na tukishasema hivyo mwulizaji amesamehewa yote. Mficha maradhi kilio humuumbua, tunamwambia mgonjwa asiyetaka kutaja ugonjwa wake, na maana yetu ni moja: taja. Nimetafuta methali ya kumtetea anayeulizwa, nikaambulia ile ya mtungi, kwamba siri yake aijuaye ni kata. Nayo kata imeijua kwa kuingia humo kila siku kuchota maji.

Na sisi watu wa sala tuna hatari yetu ya ziada, kwa sababu tuna nia njema. Umbea wa kibarazani unajijua kuwa ni umbea. Wetu huanza kwa kufumba macho: tumwombee dada yetu, anapita kwenye jaribu, siwezi kulisema lote. Kwa kutokulisema lote limeshasemwa. Wodini jioni, saa ya kuona wagonjwa, tunakizunguka kitanda watu saba. Ilianzaje? Wamekupima? Wamesema nini? Mgonjwa aliyekwisha kusimulia mara nne tangu mchana anaanza tena mwanzo, kwa sababu sisi tumetoka mbali na tumekuja na matunda. Kisha tunasali kwa sauti, na kitanda cha tatu kinapata jina la ugonjwa.

Rafiki watatu wa Ayubu wana sifa mbaya makanisani, nami huwa nawatetea kidogo. Walitoka kila mmoja kwao, wakapatana, wakaenda. Walipomwona kwa mbali hawakumtambua. Wakalia, wakararua mavazi yao, wakaketi naye chini siku saba, usiku na mchana, bila kusema neno, kwa kuwa waliona maumivu yake ni makubwa mno. Siku saba! Sisi dakika tatu zinatutoa jasho. Kama wangeinuka siku hiyo ya saba wakarudi makwao, leo tungeziita parokia kwa majina yao. Kilichowaharibu ni pale Ayubu mwenyewe alipofungua kinywa, akatoa ila yake, ila nzito ya mtu anayeilaani siku aliyozaliwa. Hawakuipokea. Elifazi, Bildadi, Sofari, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kutafuta kosa alilolifanya, kwa maana mtu hawezi kupigwa hivi bure. Ile safu yangu ya mwisho kwenye daftari, walikuwa nayo wote watatu. Mwisho wa kitabu Mungu anawakasirikia hao waliokuwa wakimtetea, na anasema aliyenena sawasawa ni Ayubu, mtu ambaye sura baada ya sura alikuwa akimwuliza Mungu mwenyewe maswali makali.

Alhamisi ile nilikwenda gengeni bila daftari. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi njia nzima, lakini nilipofika nikakuta lundo la mchicha ambao haujafungwa, na yeye peke yake. Akanipindulia ndoo nikakaa. Akanisogezea nyuzi alizozichana kwenye kiroba. Tukafunga mafungu. Nikasema, za hapa mama? Akasema salama. Ningekuwa nimesimama ningeondoka, lakini mchicha ulikuwa bado mwingi. Mteja wa nyanya akaja, akatoa noti ya elfu tano, akarudishiwa chenji kabla hajamaliza kuhesabu kichwani. Simu ikaita, mama akaangalia tarakimu mbili za mwisho, akasema, huyu ni mdogo wangu, nitampigia. Tukaendelea. Kama fungu la ishirini hivi, bila kuinua macho, akasema:

"Salama, ila zamu inakuja kwangu."

Nikanyamaza. Sikuelewa bado.

"Kwetu anayesoma Injili ni mwenye nyumba."

Ndipo nikaona nilichokuwa nikikitazama muda wote, zile tarakimu mbili za mwisho. Hakusema kwamba hajui kusoma, nami sikulisema. Nchi hii iliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, tukajisifia sana madarasa yale ya kisomo, na labda ndiyo maana aibu ya yule aliyepitwa ni nzito zaidi kwetu kuliko kwingine. Nikasema, mwenye nyumba anaweza kumchagua wa kumsomea. Akaniuliza, nani kasema? Nikamjibu, Katibu. Akacheka mpaka akaangusha fungu, na miguu ikapona siku hiyo.

Nisieleweke kwamba nasifia kimya. Kuna maswali ambayo kuyaacha ni woga uliovaa adabu. Mama ambaye jicho lake linavimba kila baada ya tarehe ya mshahara anahitaji mtu wa kumwuliza, tena kwa maneno yasiyozunguka, pembeni, huku mwulizaji akiwa tayari kufungua mlango wake saa nane za usiku. Jumuiya yetu iliwahi kumheshimu mama wa namna hiyo mpaka akahama bila kuaga. Hilo nalo limo daftarini: amehama.

Zamu ya mama wa genge ikafika Oktoba 2024. Sebule ilikuwa ndogo, wengine tukakaa uani. Akasoma mjukuu wake wa darasa la tano, kidole kwenye mstari, habari za Bartimayo, kipofu wa Yeriko, yule aliyepiga kelele kando ya njia, umati ukamwambia anyamaze, naye akazidi. Yesu anasimama, anaagiza aitwe, na umati uleule sasa unamtia moyo. Anatupa vazi lake, anakuja. Anaulizwa anataka afanyiwe nini.

Tulipofika hatua ya tano, mwenye nyumba ndiye aliyeanza.

"Mimi nimeguswa hapo alipomwuliza. Mtu ni kipofu, kila mmoja anaona ni kipofu, hata mimi hapa nimeona. Na yeye ni Yesu. Lakini akamwuliza." Akafikiri kidogo. "Kumbe angeweza kutaka kitu kingine."

Kijana mmoja wa kwaya akasahau sharti, akadakia kwamba ndiyo, yule alikuwa ombaomba, labda angetaka hela tu. Mwenyekiti akakohoa. Mimi sikusikia vizuri yaliyofuata. Nimekaa na sehemu hiyo ya Injili miaka mingi, nimeisikia ikihubiriwa kwa habari ya imani, kwa habari ya kelele, kwa habari ya lile vazi, na sikuwahi kusimama pale kwenye swali. Tena halikuulizwa mara hiyo tu. Yuko yule wa kwenye birika la Bethzatha, aliyekuwa mgonjwa miaka 38, ambaye aliulizwa kama anataka kupona. Swali hilo kwa mtu wa miaka 38 kitandani linakaribia kuwa tusi. Naye hajibu ndiyo wala hapana. Anajibu kwamba hana mtu wa kumtia majini. Aliulizwa habari ya ugonjwa, ikatoka habari ya upweke, na ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi.

Februari 2020 mjini Moshi watu 20 walikufa katika mkanyagano, wakikimbilia kuyakanyaga mafuta ya upako kwenye ibada iliyofanyika uwanjani. Nakumbuka wiki iliyofuata. Kila kijiwe kilikuwa na swali, na swali lenyewe lilikuwa la kejeli: watu wazima wanakimbiliaje mafuta? Hata sisi kwenye jumuiya tuliliuliza, tukitikisa vichwa, tukajiona tuna imani iliyotulia. Sikusikia mtu akiuliza walikwenda na nini pale uwanjani. Nani alikuwa na mtoto asiyeongea, nani alikuwa na kesi ya kiwanja, nani alikuwa amezunguka zahanati tatu na kuambiwa arudi wiki ijayo. Wapo wa kuulizwa maswali makali juu ya siku ile, na hao si waliokwenda wakiwa na shida zao.

Siku ile ya Bartimayo, tulipokuwa tukikunja mkeka, jirani wa ukuta wa pili, Mwislamu, mwalimu mstaafu, akaniita dirishani. Alikuwa amesikia yote. Nyumba zetu hazina siri. Akasifu mtoto alivyosoma. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini kama anayeazima kitu: yule kipofu, alipopona, alikwenda wapi? Nikamwambia alimfuata Yesu njiani. Akasema, aa, kwa hiyo hakurudi kuchukua vazi. Hilo nalo sikuwahi kuliwaza. Wala si mara ya kwanza jirani Mwislamu kutusaidia kusoma: mmisionari Johann Ludwig Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 na kuanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, ilibidi akae na kadhi wa mji, aulize neno moja moja. Sala, dhambi, imani, rehema, maneno hayo tuliyakuta kwenye nyumba za watu. Baadaye Mjerumani Karl Roehl akajaribu kuyapunguza ya asili ya Kiarabu katika Biblia yake ya 1937. Ikaja ile ya Muungano, 1952, nayo ndiyo iliyokaa vinywani mwa watu, pamoja na maneno yale ya kuazima.

Daftari la mwaka huu nimelipiga mistari juzi. Namba, jina, Jumamosi. Rula ilipofika ukingoni nikaiondoa, nafasi ikabaki nyeupe. Nikaanza kuandika majina kwa mpangilio wa nyumba, na nilipofika la mume wangu nikaliandika, kisha nikalitazama muda mrefu kuliko linavyostahili jina la mtu mmoja.

Jioni nikashuka gengeni kununua bamia. Alikuwa anamwagia mboga maji kwa kopo.

"Za kwako, Katibu?"

"Nzuri, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Za nyumbani?"

"Nzuri tu."

Hakuongeza kitu. Akaimimina ndoo iliyokuwa na maji, akaipindua, akaisogeza kwa mguu mpaka karibu yangu, akarudi kwenye mchicha wake. Nikakaa. Nikachukua uzi, nikafunga fungu la kwanza, la pili, la tatu.

"Ila," nikasema.